T ya Tabora

Mzee wa Isevya ninayemsimulia ni fundi saa, ingawa saa zenyewe hazimjii tena. Watu wanatazama simu. Meza yake iko barazani, penye mwanga wa asubuhi. Siku hiyo juu yake palikuwa na tungo la senti kumi kumi za tundu, za enzi ya Mwingereza, zaidi ya mia moja, kwenye kamba ya katani iliyokauka ikawa kama mzizi. Jirani alilikuta sandukuni mwa marehemu baba yake. Mzee aliikata kamba kwa wembe. Hakuzimwaga. Alizishusha moja moja juu ya kitambaa, kila moja akaipeleka kwenye lenzi aliyoibana jichoni, akaigeuza mara mbili, akaitenga.

“H,” alisema. “H. Hii haina kitu, ya London. H tena. Hii I, ya Bombay. Hii SA, imetoka Pretoria.”

Nilimwuliza anatafuta nini.

“Isiyofanana na wenzake, mwanangu.”

Herufi hizo za kiwanda cha sarafu ni ndogo mithili ya punje ya ulezi. Mimi nimezishika senti hizo utoto wangu wote nisizione. Bibi yangu alikuwa na tungo kama lile, lilining’inia msumarini nyuma ya mlango wa chumba chake. Akitaka kunituma dukani alilishusha, akalegeza fundo kwa meno, akachomoa senti mbili, akalifunga tena, kisha akalitikisa kidogo kabla ya kulirudisha. Hakuhesabu. Alisikiliza. Siku mjomba alipochomoa senti tatu kwa siri, bibi alilitikisa tungo lile, akanyamaza, akamwita kwa jina lake lote.

Bibi alipofariki sarafu hizo hazikutumika tena. Fundi aliyekuja kuezeka nyumba aliomba kitu cha kutia chini ya misumari, bati lisivuje kwenye matundu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikampa tungo zima, nikafurahi kuona tundu la senti likimeza msumari sawasawa, kana kwamba lilitobolewa kwa kazi hiyo.

Sikumwambia mzee habari hiyo mara moja. Nilimwacha avute droo na kutoa karatasi ya sigara iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na sarafu mbili za hela ishirini za mwaka 1916, moja ya shaba nyekundu, nyingine ya shaba ya njano. Chini ya taji na mwaka ipo herufi T. T ya hapa. Ya Tabora.

Hela za kabla ya hapo zilikuwa na A, yaani Berlin, au J, yaani Hamburg. Mjerumani alizileta mwaka 1904, hela mia kwa rupia moja, badala ya pesa sitini na nne za zamani. Ilipokuja vita manowari za Waingereza zikamzibia bahari, sarafu zikaadimika, na askari wanataka mshahara. Ndipo karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Reli yenyewe ilikuwa imefika Tabora miaka minne tu nyuma. Shaba ilitafutwa popote, hata kwenye maganda ya mizinga. Dhahabu ya Sekenke ikatoa rupia kumi na tano yenye tembo, ambayo wengi wetu tutakufa bila kuishika. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini, na T ikaishia hapo.

Miezi michache tu, lakini ya haraka na ya mkono, na mkono haujirudii. Mzee alinipa lenzi. “Tazama neno HELLER. Herufi L zile, miguuni.” Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi. Kwenye moja ncha za L zilikuwa zimechongoka. Kwenye nyingine zimejikunja, kama mkia wa mbwa aliyeshiba. Zipo pia zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Kuna mtu aliyekaa na patasi mjini kwetu, vita ikimkaribia, akazikunja ncha hizo. Sijui kwa nini nilitaka kumwamkia.

Leo ukitaja sarafu za Mjerumani Tabora nzima, anayekujibu kwanza ni tapeli. Atakuambia rupia inanunuliwa kwa mamilioni, au kwamba mali imezikwa chini ya mwembe fulani na yeye anayo ramani. Vijana wanachimba usiku. Wanaobahatika kupata sarafu ya kweli huisugua kwa limau na majivu hadi ing’ae, wakiifuta herufi ileile ambayo ingewaambia wameshika nini. Mzee aliletewa moja hivyo, inameta kama kifungo kipya. Aliirudisha bila kuitia jichoni. Na wote hao, mchimbaji na tapeli, hawamalizi sentensi bila kusema hela. Hela! Neno wanalitafuna mchana kutwa.

Hapo ndipo nilipomweleza habari za bati la bibi. Aliweka lenzi chini.

“Nyumba bado ipo?”

“Ipo, mzee. Nyuma ya soko.”

“SA huwa hazipatikani sana,” alisema, na hakuongeza neno.

Kesho yake nilikwenda. Waliopanga sasa walinikaribisha vizuri, wakanipa kiti. Nikainua macho: bati jipya la bluu, misumari yake ina mipira myeusi, safi, yote sawa. Lile la zamani? Liliondolewa mwaka juzi, mama mwenye nyumba alisema. Alikuja kijana wa vyuma chakavu na mizani, akalipima pamoja na misumari yake, akaondoka nalo kwenye mkokoteni.

Jioni nilipita barazani kwa mzee. Alikuwa amefika senti ya themanini na kitu. Alinitazama usoni, akasogeza kiti cha pili karibu na mwanga, akanipa lenzi.

“Endelea wewe. Jicho langu limechoka.”

H. H. Haina kitu. H.