Mhusika Asiyependeka: Mapenzi na Hukumu ya Msomaji katika Kiu na Utengano

Katika shule za upili za Thika na Ruiru, kama kwingineko nchini Kenya, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980), ilisomwa kwa miaka kadhaa ikiwa kitabu teule cha mtihani wa KCSE. Swali lililozoeleka ni lile linalomtaka mtahiniwa aeleze sifa za mhusika na umuhimu wake. Swali lenyewe halina ubaya, ila limezaa mazoea ya kumpima mhusika kama anavyopimwa mchumba: ana tabia njema au hana? Mazoea hayo huingia chuo kikuu pamoja na mwanafunzi na, aghalabu, hutoka naye pamoja na shahada. Riwaya ya mapenzi ndiyo inayodhulumiwa zaidi na kipimo hicho, kwani humo msomaji hushawishiwa kila mara ampendelee mtu.

Mohamed Suleiman Mohamed aliuelewa vyema ushawishi huo alipotunga Kiu (1972). Mwinyi ni mzee tajiri anayemtamani Bahati, msichana maskini. Idi ni kijana anayemtumikia Mwinyi. Kwa desturi ya hadithi za mapenzi, msomaji hana haja ya kuelekezwa asimame upande gani. Uzee na mali humtia Mwinyi hatiani. Ujana humwokoa Idi. Hata hivyo, Idi huyo ndiye anayeigeuza tamaa ya mzee kuwa mrija wa kufyonzea mali yake, na Bahati kuwa chambo. Kwamba Idi ni laghai, msomaji makini huling'amua mapema. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba chuki dhidi ya Mwinyi ndiyo inayompa Idi nafasi ya kutenda atakavyo. Msomaji akishapata mbaya wake, huacha kumchunguza yule mwingine. Bahati naye hudanganyika kwa njia hiyo hiyo, na wahakiki wanaomwita mjinga wanasahau kwamba nao walitembea naye hatua kwa hatua. Isitoshe, kiu ya anwani haina mwenyewe mmoja: ni ya mapenzi, ya mwili na ya mali.

Inafaa kukumbuka kuwa mapenzi ya nje ya ndoa si lazima yamchukize msomaji. Hutegemea nani anasimulia. Kitabu kilichoitangaza Thika ulimwenguni, The Flame Trees of Thika (1959) cha Elspeth Huxley, kinasimulia mapenzi ya Lettice Palmer, mke wa mtu, na Ian Crawfurd kupitia macho ya mtoto, na mtoto hahukumu asichokielewa. Walowezi hao hupata huruma bila kuitolea jasho.

Maimuna wa Utengano hakujaliwa msimulizi mpole kiasi hicho. Kuhusu baba yake, Maksuudi, hakuna mengi ya kusema: ukatili wake kwa mkewe Tamima na kwa bintiye hauachi shaka, na hapo mtunzi amemrahisishia msomaji mno. Ugumu u kwa Maimuna. Maadamu amefungiwa ndani, kila mtu humwonea huruma. Akishafika kwa Biti Kirembwe, katika ulevi na ukahaba, huruma hupungua, na mtahiniwa humworodheshea "mlevi", "mwasherati" na "mwathiriwa" katika aya moja, bila kuuliza maneno hayo yanahusianaje.

Mnamo Januari 2024 Wakenya waliandamana Nairobi na katika miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Katika mijadala ya siku hizo, hawakukosekana waliochunguza mienendo ya waliouawa: alikwenda wapi, na nani, kwa fedha za nani. Hilo nalo ni swali la sifa za mhusika, ingawa halikutungwa na baraza la mitihani.

Ndiyo maana mwisho wa Utengano unahitaji kusomwa upya. Maksuudi anaomba msamaha, Maimuna anakataa. Wasomaji wengi humwona mkavu, hata mkosefu wa adabu, kwa kuwa baba ni baba, nao wangependa msamaha ukifunge kitabu. Lakini Maimuna angalisamehe, mateso ya miaka yote hiyo yangaligeuka kuwa ngazi ya kupandia toba ya Maksuudi, na riwaya ingalikuwa yake yeye. Binti asiyependeka anakataa kuwa ngazi hiyo.