Tabia ni Ngozi? Rosa, Yasmin na Mizani ya Wachumba

Siku hizi mabwenini kuna mtihani ambao hauko kwenye ratiba. Mtu anajibu maswali kadhaa kwenye simu, anapewa herufi nne, na tangu hapo herufi hizo ndizo jina lake. Mwenzangu mmoja, ambaye sitamtaja, alimwacha mchumba wake wa miaka miwili baada ya kusoma kwamba herufi zake na za yule bwana haziivi chungu kimoja. Hapakuwa na ugomvi wala fumanizi. Nilipomuuliza sababu, alinionyesha jedwali. Ningeliyaacha mambo hayo huko huko bwenini, lakini wiki mbili baadaye, katika semina yetu ya riwaya, mtu alisimama akasema kwa kujiamini kabisa kwamba Rosa na Charles katika Rosa Mistika walishindwana kwa sababu "haiba zao haziendani". Watu wakaandika madaftarini. Makala haya ni jibu kwa sentensi hiyo moja.

Kwanza tuitazame mizani yenyewe, maana wengi wanadhani imeletwa na simu. Kwetu pwani mizani ya wachumba ni ya zamani sana. Mtaalamu wa falaki huchukua jina la mwanamume na la mwanamke, pengine pamoja na majina ya mama zao, akayageuza kuwa hesabu kwa abjadi, akapata nyota ya kila mmoja. Nyota zimegawanywa: za moto, za upepo, za maji, za udongo. Kisha huamua kama nyota hizi mbili zitapatana. Nyuma ya mgawanyo huo iko elimu ya Wayunani, iliyotufikia kwa mkono wa Waarabu, kwamba mwili una majimaji manne na tabia ya mtu hufuata lililozidi. Lugha yetu bado inabeba mabaki yake. Balghamu tunayoitema asubuhi ilikuwa mojawapo ya hayo manne, na neno safura, ambalo leo ni ugonjwa wa kupungukiwa damu, lilianza kama jina la nyongo ya manjano.

Hizo herufi nne nazo zina nasaba yake, na nasaba hiyo inachekesha kidogo. Carl Jung alitoa kitabu chake juu ya aina za nafsi mwaka 1921. Huko Marekani, Katharine Briggs alikuwa tayari ameanza kupanga watu kwa aina, na kilichomchochea ni mkwe. Binti yake Isabel alimleta nyumbani kijana aitwaye Clarence Myers, mama akaona huyu hafikiri kama sisi. Akakaa kumchunguza. Basi nadharia hii ilizaliwa mlangoni, pale mama mkwe anapomkagua mposaji! Isabel ndiye aliyekuja kuugeuza uchunguzi wa mama yake kuwa mtihani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wala hakuwa mwanasaikolojia kwa elimu, na kabla ya hapo alikuwa ameandika riwaya ya upelelezi, Murder Yet to Come. Clarence aliyeonekana si mwenzao aliishi na Isabel katika ndoa miongo mingi. Ajabu ni kwamba jambo hili halimo kwenye jedwali la mwenzangu. Halimo pia lile ambalo wachunguzi wamelieleza mara nyingi, kwamba watu wengi wakirudia mtihani huo baada ya wiki chache hupata herufi nyingine.

Sasa turudi kwenye fasihi, ambako ndiko nyumbani kwetu. Kiswahili kina misemo miwili inayogombana juu ya jambo hili. Mmoja unasema tabia ni ngozi, yaani huivui. Wa pili unasema mazoea hujenga tabia. Neno lenyewe, tabia, kwa asili yake ya Kiarabu ni maumbile, lakini Mswahili amelisukuma mpaka likawa mwenendo: mtoto hufunzwa tabia, huharibika tabia, hurekebishwa tabia. Maumbile hayafunzwi. Nadhani wahenga waliiacha kesi hiyo wazi kwa makusudi. Sisi tunaosoma fasihi ndio tuna haraka ya kuifunga. Tangu kidato cha tatu tumeimbishwa mhusika bapa na mhusika duara (ugawaji wa E. M. Forster, wa mwaka 1927), nasi tukaufanya kuwa mafaili mawili ya ofisini. Ukimaliza kumweka mhusika kwenye faili, unahesabu kwamba umemhakiki.

Hebu tumchukue Rosa. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na ilipigwa marufuku mashuleni kwa kipindi, kwa hiyo kila mmoja wetu aliisikia kabla ya kuisoma. Rosa wa nyumbani Ukerewe ni msichana mtiifu. Baba yake, Zakaria, mlevi na mkali, anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa wa shule ya sekondari ni mkimya, anawaogopa wanaume. Rosa wa chuo cha ualimu Morogoro hakamatiki. Rosa anayerudi na kuchumbiwa ametulia tena. Je, Rosa ni aina gani? Angepewa yale maswali ya simu mara nne, angetoka na majina manne, na kila mara angekuwa amejibu kwa ukweli. Kilichombadilisha Rosa ni fimbo, kisha ni kuondoka kwa fimbo. Zakaria alidhani anajenga tabia, kumbe alikuwa anajenga hofu. Hofu hiyo ilipokosa msimamizi ikamwachia binti uwanja ambao hakuwahi kufundishwa kuutembea. Ukisema "haiba yake ndivyo ilivyo", umemfutia Zakaria mashtaka.

Na Charles? Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na mwenzetu wa semina. Charles na Rosa wanapendana. Hakuna ukurasa nilioupata mimi unaoonyesha kwamba hawakuelewana kwa mazungumzo, kwa hulka, au kwa jinsi ya kucheka. Kinachowatenganisha ni kwamba Charles anagundua Rosa si bikira. Anamwacha, na Rosa anajiua. Charles alikuwa na mizani yake, na ilikuwa rahisi kuliko zote, ya aina mbili tu: mwanamke wa kuoa na mwanamke wa kuchezea. Haihitaji herufi wala abjadi. Mizani hiyo hakuitunga yeye, alipewa na jamii ya mfumo dume iliyomlea, ile ile iliyompa Zakaria fimbo. Mapenzi yalikuwepo, mtu alikuwepo, lakini kipimo kilipokataa, Charles alikiamini kipimo kuliko mtu aliyesimama mbele yake. Sasa jamani, kumsoma Rosa kwa jedwali la haiba ni kufanya nini kama si kurudia kosa la Charles, tena kwa upole na kwa lugha ya kisomi?

Mtu atasema nimechagua mfano mwepesi, kwamba Rosa amebanwa na msiba. Sawa. Tumwendee Yasmin katika Vuta n'Kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999). Huyu anapitia wanaume watatu, kwa hiyo anawafaa sana watu wa mizani. Kwa Bwana Raza hakuna mjadala mrefu: msichana mdogo kaozwa mtu wa kumzaa, mwenye duka. Hapo ukitaja hulka unapoteza wino. Kwa Denge ndipo pana maneno. Yasmin anapenda uhai, nyimbo, kutoka. Denge amesoma Urusi, amerudi Unguja ya wakoloni, na kila saa yake ni ya mapambano. Wa jedwali watasema: unaona? Moto na udongo. Lakini kinachowavuta mbali ni makachero na jela. Denge anawindwa. Mtu akikamatwa usiku, hatuwezi kusema kesho yake kwamba ameachana na mpenzi wake kwa kutoendana. Mwisho Yasmin anaolewa na Bukheti, na wapo wasomaji wanaomlaumu. Mimi simlaumu. Bukheti alikuwa mtu anayeweza kuwepo nyumbani. Katika nchi ambayo serikali inaingia mpaka chumbani, kuwepo ni sifa kubwa kuliko kufanana.

Tena mpatano mzuri kuliko wote katika riwaya hiyo hauko kwenye mapenzi. Uko kwa Yasmin na Mwajuma. Mmoja ni binti wa Kihindi aliyekataliwa na ndugu zake, mwingine ni Mswahili mcheshi, mpenda starehe, asiye na kitu. Dini wamefundishwa kwa njia tofauti, chakula tofauti, malezi tofauti kabisa. Mwajuma hakupiga ramli. Alifungua mlango, akagawana naye kilichopo. Ningependa siku moja tusome riwaya zetu za mapenzi kwa kuanzia kwenye milango ya namna hiyo.

Sikatai kwamba watu wanazaliwa na hulka. Mimi na mdogo wangu tumelelewa nyumba moja, na yeye kelele zinampa usingizi ilhali mimi zinanifukuza. Hulka ipo, na mwandishi asiyeijua atatuchorea vinyago. Ninachokataa ni kuifanya hukumu kabla ya kesi. Kezilahabi mwenyewe, mwishoni mwa kitabu, anawapeleka Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, baba na binti wakishtakiana. Sehemu hiyo wengine wanaiona imepachikwa, na kwa upande wa ufundi mimi pia inanipa taabu, kwani inatutoa ghafla kutoka kwenye uhalisia tuliouzoea. Ila tazameni kinachobishaniwa pale: nani alimtenda nani nini. Hakuna anayeulizwa yeye ni mtu wa aina gani.

Juzi yule mwenzangu wa bweni aliazima nakala yangu. Alisoma usiku kucha, asubuhi akanigongea, macho mekundu, akaniuliza, "Dada, wewe unafikiri Rosa angetoka herufi gani?"

Nikamwambia aanze yeye kunitajia amefika ukurasa wa ngapi.