Mtu Asiyetikisika

Ukiitazama leo Vampire Hunter D, filamu ya katuni ya Kijapani ya mwaka 1985, huenda ukacheka kidogo. Midomo inafunguka na kufungika tu, liwe neno gani. Vinanda vya umeme vya Tetsuya Komuro vinautaja mwaka wake kabla hujauliza. Na majini ya jangwani yanazuka, yanauawa, yanasahaulika. Usiizime. Mwangalie D mwenyewe, mwindaji wa wanyonya damu.

Hatikisiki. Amekaa juu ya farasi wake wa mashine, kofia pana imemfunika macho, kinachosogea ni joho. Filamu hupitisha fremu 24 kwa sekunde, na katuni nyingi za Kijapani za wakati ule zilishikilia mchoro mmoja kwa fremu tatu: michoro 8 ikamaliza sekunde nzima. Hii nayo ilikuwa kazi ya kuuzwa kwenye kanda za video, bila fedha nyingi. Lakini mwongozaji, Toyoo Ashida, anajua pa kubana na pa kumwaga. Doris, msichana aliyemwajiri D, anacharaza mjeledi, mdogo wake Dan anakimbia na kufoka. Kabaila Magnus Lee, mnyonya damu na bwana wa kasri, anasimama tu. Aliye hai amepewa michoro, mfu amenyimwa, na hofu inaingia hapo hapo.

Yoshitaka Amano, aliyepamba riwaya za Hideyuki Kikuchi zilizozaa filamu hii, huchora kwa mistari myembamba kama moshi. Mistari hiyo haiwezi kurudiwa na mikono mingi juu ya maelfu ya plastiki angavu. Ashida akaipunguza: akabakiza kofia, joho, upanga na uso mrefu uliopauka. Wapo wanaoipenda zaidi Bloodlust, filamu nyingine ya D iliyoongozwa na Yoshiaki Kawajiri mwaka 2000, kwa kuwa inamkaribia Amano. Ni nzuri kweli, ila mimi naona imejaa mno.

Macho ya wahusika yanapowaka katika filamu hii ya 1985, rangi peke yake haitoshi. Mafundi wa zama zile walifunika kila kitu kwa weusi, wakaacha tundu dogo, wakawasha taa kwa chini na kuipiga picha upya filamu ile ile. Ndiyo maana mng'ao ule unavuja kingoni.

Halafu kuna mkono wa kushoto wa D, wenye uso na mdomo, unaokejeli na kubwabwaja bila kuchoka. Wengine huuona mzaha uliopitwa na wakati. Lakini mkono huo usingesema, D angelazimika kueleza mambo, na hapo angekuwa shujaa kama wengine.