Sifa ya Muuguzi Atiaye Damu

Tangu Karl Landsteiner, tabibu wa Vienna, alipobainisha mwaka 1901 ya kwamba damu za wanadamu zina makundi yanayopatana na yasiyopatana, sifa za kutia damu zimewaendea mabingwa wa maabara na madaktari, nao ni haki yao; lakini mimi namsifu muuguzi, ambaye daktari akiisha kuandika amri na kwenda zake, ndiye abakiye na mgonjwa.

Mtazame mbele ya ajuza aliyeletwa wadini taabani. Hamwulizi, “Wewe ndiye Bi. Fulani?” kwa kuwa mzee mwenye homa, na pengine asiyesikia vema, huitika “naam” kwa jina lolote; bali muuguzi humwambia, “Bibi, hebu nitajie jina lako kamili,” kisha yeye na mwenziwe hulinganisha jawabu hilo na utepe wa mkononi na maandishi ya mfuko, herufi kwa herufi. Wako wauonao ulinganishaji huo kuwa ukarani mtupu. Kumbe damu isiyopatana huua, na asili ya msiba huo mara nyingi ni kukosea mtu.

Ndipo huja ilimu ya kwenda taratibu. Moyo wa mzee ni kama jahazi kuukuu, haukatai shehena, ila hutaka ipakiwe kidogo kidogo. Damu ikimiminwa kwa pupa, maji hujaa mapafuni. Kwa hiyo muuguzi hutia mfuko mmoja, kwa muda usiopita saa 4, kisha mgonjwa hupimwa upya kabla ya kufikiriwa wa pili. Dakika 15 za mwanzo habanduki mbali, naye hupima joto, pumzi, mapigo na shinikizo la damu. Hata hivyo, ustadi wenyewe, kwa rai yangu, umo katika yasiyoandikwa chatini: kikohozi kidogo ambacho hakikuwapo, mkono unaovutavuta shuka, mzee mpole aliyeanza ghafla kupayuka au kutaka kuketi. Akiona hayo hufunga mrija kwanza, ndipo amwite daktari, wala hangoji idhini ya mtu. Na huo ni ushujaa, ingawa haupigiwi ngoma.

Basi enyi wakuu wa hospitali, msimwachie muuguzi mmoja wadi nzima usiku kisha mkamdai macho ya namna hii. Damu isiyo ya dharura na ingoje mchana, wauguzi wawapo wengi.