Uyoga Usiojulikana Kuwa Uyoga

Niliowaonyesha picha hii wote walikosea. Mmoja alisema ni mchanga wa Diani maji yakishakupwa, mwingine akaapa ni mikunjo ya kanzu iliyotoka kwa dobi. Ni upande wa chini wa uyoga wa kichuguu, niliopiga shambani Msambweni mwezi wa Mei, masika yamekolea.

Jicho huutambua uyoga kwa shina, ukingo wa kofia na udongo unaouzunguka. Vikitoka hivyo vitatu, halina pa kushika. Lenzi ya makro ya milimita 100, ikikaribishwa hadi uwiano wa 1:1 kwenye kamera ya fremu kamili, huona eneo la milimita 36 kwa 24 tu. Kofia ya uyoga huu ilikuwa pana kuliko hapo, basi fremu ikajaa zile ngozi nyembamba zilizopangana kama kurasa.

Wengi wangefunga tundu la lenzi hadi f/16, kila kitu kionekane. Kwa ukaribu huo f/16 hufanya kazi kama f/32: mwanga unapungua na picha nzima inapoteza ukali. Nilifungua f/4. Kilichobaki kwenye fokasi ni unene wa nusu milimita hivi. Ukingo wa ukurasa mmoja ukakaa kama wembe, nyingine zikayeyuka kuwa mawimbi. Sikugusa pete ya fokasi. Kamera ililala juu ya kifuko cha maharage, nikawa naisukuma kidogo kidogo, kisha naiachia kipima muda cha sekunde 2.

Mwanga ulitoka kwenye tochi ya simu, nyuma ya kofia, umefunikwa karatasi nyeupe. Uyoga uliegemezwa kwenye kumbi la nazi, na kaniki ikatandwa juu kuzuia mwanga wa mbinguni. Mpiga picha Edward Weston, mwaka 1930, alitia pilipili hoho ndani ya faneli ya bati. Pilipili ikatoka kama mgongo wa mtu. Faneli yake na kaniki yangu ni ndugu.

Fremu za mwanzo zilikwenda bure. Kamera ililala kwenye chumba chenye AC, ilipokutana na joto la nje lenzi ikashika ukungu. Siku hizi naiacha mfukoni, zipu imefungwa, nusu saa nzima.

Uyoga huu ulikwisha kung'olewa kwa ajili ya chungu. Lakini ndani ya Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya kaya iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, hutoi hata jani. Huko ni kulaza kioo kidogo chini ya kofia na kupiga kilichomo kiooni.

Mwenye shamba alisimama na ungo wake. "Mwanangu, mboga hiyo haingoji. Jua likipanda ina funza."

Nikaomba fremu tatu zaidi. Hii ni ya pili.