Daftari la Gofu na Wasioandikwa

Msomaji aliyelelewa na mashairi ya mafumbo hana haja ya kuelezwa kwa nini mtu hufurahia kufichwa jambo. Linalohitaji maelezo ni kwa nini fumbo lipelekwe kwenye uwanja wa gofu, mchezo ambao wengi wetu tunauhesabu kuwa ni matembezi ya wenye nafasi zao. Hata hivyo, riwaya za upelelezi zenye gofu ndani yake ni ukoo mzima katika fasihi ya Kiingereza. Na zilizo bora katika ukoo huo si zile ambazo maiti huangukia majanini kwa bahati tu, bali zile ambazo historia ya mchezo wenyewe ndiyo iliyoibeba siri.

Tofauti hiyo huonekana ukianza na Agatha Christie. Mwaka 1923 alitoa The Murder on the Links, kisa cha tajiri anayekutwa amechomwa kisu katika kaburi lililo wazi, kwenye uwanja wa gofu unaotengenezwa jirani na jumba lake huko kaskazini ya Ufaransa. Neno links, kwa asili, ni ile ardhi ya mchanga na majani iliyo baina ya bahari na mashamba, isiyofaa kulimwa. Mtu wa visiwani huielewa mara moja. Atakayehangaika ni mfasiri, kuitafutia neno moja. Lakini katika kitabu hicho gofu haina kazi. Ungeuondoa uwanja, ukaweka shamba la minazi, na muuaji asingesumbuka. Mwaka 1934, katika Why Didn't They Ask Evans?, kijana anayecheza gofu karibu na genge la bahari anamkuta chini yake mtu anayekata roho. Kijana huyo anaitwa Bobby Jones, sawasawa na yule Mmarekani ambaye mwaka 1930 alitwaa mashindano yote manne makubwa ya zama zake. Christie anatutania kwa jina, kisha anaendelea na safari yake.

Muhammed Said Abdulla alipomweka marehemu wake mzimuni, katika Mzimu wa Watu wa Kale, alijua kwamba mahali penye historia pamekwisha kumaliza nusu ya kazi ya msimulizi. Gofu nayo ina historia ya kutosha. Bunge la Uskoti liliipiga marufuku mwaka 1457 kwa kuwa iliwashughulisha vijana wakaacha kujifunza upinde, na mwaka 1744 wachezaji wa Edinburgh waliandika kanuni 13 za mwanzo zinazojulikana. Ila umri peke yake si mvuto. Mvuto, kwa rai yangu, umo katika desturi moja: katika gofu mchezaji ni shahidi dhidi ya nafsi yake. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani, Bobby Jones huyo wa kweli alijiongezea pigo moja kwa kuwa mpira wake ulisogea kidogo alipokuwa akijiandaa kuupiga, jambo ambalo waamuzi hawakuliona. Mwisho akalingana na Willie Macfarlane, na katika mchezo wa kuamua mshindi akashindwa kwa pigo moja.

Hapo ndipo riwaya ya upelelezi inapopata utamu wake. Mpelelezi huanza kwa kudhani kwamba kila mtu anasema uongo; gofu huanza kwa kudhani kwamba kila mtu anasema kweli, na hesabu yake ikaandikwa daftarini isifutwe. Wakutanishe hao wawili, kisha uliza: je, ikiwa daftari lenyewe limeficha mtu?

Swali hili ndilo aliloliuliza J. Michael Veron, mwanasheria wa Louisiana, katika The Greatest Player Who Never Lived, iliyotoka mwaka 2000. Mwanafunzi wa sheria anayefanya kazi ya muda huko Atlanta, katika ofisi ya mawakili aliyokuwamo Jones, anaangukia majalada ya zamani. Ndani yake anamgundua Beau Stedman, mtuhumiwa wa mauaji aliyeishi mafichoni akicheza kwa majina ya bandia dhidi ya mabingwa wa kweli, huku Jones akimkingia kifua. Fumbo linafumbuliwa kwa karatasi, na anayependa harufu ya jalada la kale atakisoma kitabu hiki usiku mmoja. Wala si ndoto tupu. Hollywood ya miaka ya 1930 ilimjua John Montague, mchezaji wa ajabu aliyekataa kupigwa picha, hadi mwaka 1937 ilipobainika kuwa jina lake ni LaVerne Moore na kwamba alikuwa akitafutwa kwa unyang'anyi uliotokea New York. Mahakama ilimwachia.

Ninachokishitaki kitabu cha Veron ni kwamba Jones wake amekuwa walii. Klabu ya Augusta aliyoiasisi Jones pamoja na Clifford Roberts ilianza mashindano yake mwaka 1934. Mchezaji wa mwanzo mweusi, Lee Elder, aliingia humo mwaka 1975, na mwanachama wa mwanzo mweusi mwaka 1990. Weusi walikuwapo miaka yote hiyo, wamebeba mikoba ya magongo. Mwandishi aliyetaka mchezaji aliyefichwa na daftari hakuwa na haja ya kumbuni.

Mwaka 1896, huko Shinnecock Hills, kijana mweusi wa miaka 16, John Shippen, alijiandikisha katika mashindano ya wazi ya Marekani. Wachezaji wengine walitishia kujitoa. Wakaambiwa mashindano yatafanyika bila wao, wakacheza. Shippen alikuwa karibu na kilele hadi shimo la 13 la mzunguko wa mwisho, alipopiga mapigo 11. Baadaye chama cha wachezaji wa kulipwa kiliweka katika katiba yake sharti la uzungu, kikaliondoa mwaka 1961. Shippen alifariki mwaka 1968, na mwaka 2009 chama hicho kikampa uanachama. Hakuna aliyeuawa katika kisa hiki, na majina ya waliohusika yanajulikana. Riwaya yake bado ninaisubiri.