Sekunde Saba kwenye Ngazi za Ruiru

Paipu ya PPR ikitoka hadweya ya Ruiru huwa bado haijakamilika. Tumezoea kudhani kwamba plastiki humalizika kiwandani, na kwamba kinachobaki kwenye mjengo ni kuikata na kuifunga. Paipu hii ya maji ya moto haifungwi kwa gundi wala kwa nati. Kila inapokutana na elbo au soketi lazima iyeyushwe upya, na anayeiyeyusha ni fundi wa mabomba aliyechuchumaa kwenye ngazi ambazo hazijapigwa plasta, na mashine ndogo ya umeme ubavuni. Hatua ya mwisho ya kuichakata polima hii, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, hufanyika kwenye mitaa ya Ruiru na Thika: Kihunguro, Kimbo, Makongeni na Ngoingwa. Hufanyika kwa mkono, na wengi wetu hatujawahi kusimama kuitazama.

Kazi yenyewe haikauki. Sensa ya 2009 iliwakuta Ruiru watu 238,858. Ile ya 2019 ikawakuta 490,120. Watu hao wamepangwa kwenye nyumba za ghorofa tano, sita, saba, na wote wanataka kuoga kwa maji ya moto, kwa sababu mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na asubuhi ya Julai huko si ya kuoga maji baridi. Kanuni za mwaka 2012 kuhusu kupasha maji kwa jua zilitaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke mitambo ya jua. Tangi likakaa juu ya paa, na maji yake yakahitaji njia ya kushukia ndani ya kuta. Paipu za chuma zilizoea kushika kutu kwa ndani mpaka maji yakapita kwa shida. PVC ya kawaida haifai kwa maji yanayozidi nyuzi 60. Ndipo polipropilini, plastiki ya paipu za PPR, ikaingia.

Polipropilini yenyewe si mgeni. Giulio Natta aliipata mjini Milan mwaka 1954, ikiwa imejipanga kwa utaratibu ambao haukuwa umezoeleka: kila kiungo cha mnyororo kimeelekea upande mmoja na mwenzake. Kwa kazi za namna hiyo yeye na Karl Ziegler walitunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 1963. Minyororo iliyonyooka hivyo hulaliana vizuri, ikakaza, ikawa fuwele, na ndiyo maana plastiki hiyo haiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 165. Mtu angesema basi hiyo ndiyo ya kutengenezea paipu za maji ya moto. Lakini waliobuni PPR walifanya kinyume, nami sichoki kuustaajabia uamuzi wao. Waliuharibu kidogo ule utaratibu. Waliingiza ethilini, asilimia chache tu, na kuitawanya ovyo ndani ya mnyororo. Ni kama mzigo wa kuni wenye kijiti kilichopinda hapa na pale: haulali ukakaza kabisa. Kiwango cha kuyeyuka kikashuka hadi nyuzi mia moja na arobaini na kitu.

Walichopata kwa hasara hiyo ni uvumilivu. Minyororo isiyolala ikakaza huacha ncha zinazotoka fuwele moja na kuingia nyingine, na ncha hizo ndizo zinazozuia ufa mdogo usikue. Paipu ya maji ya moto haiuawi na joto la siku moja. Huuawa na shinikizo dogo la kila siku, juu ya joto la kila siku, mwaka baada ya mwaka. Kiwango cha kimataifa cha paipu hizi kimehesabu kwa namna hiyo: miaka 49 kwa nyuzi 70, mwaka mmoja kwa nyuzi 80, na saa 100 kwa nyuzi 95, zile saa ambazo kidhibiti cha joto kimeharibika na hakuna aliyejua. Kwa mwinuko wa Ruiru na Thika, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo waliokadiria maisha ya paipu hii waliiwekea akiba ya saa 100 za maji yenye joto la birika letu linalotokota.

Kenya haina kiwanda cha kutengeneza polipropilini yenyewe. Huja kama chembechembe kupitia Mombasa, na wanaozigeuza paipu huzipitisha kwenye parafujo yenye joto linalozidi nyuzi 200, pamoja na rangi na dawa ya kuzuia hewa isiile plastiki kwenye joto. Hayo yana mitambo yake na vipima joto vyake. Ninayemtaka hapa ni yule asiye na chochote ila mashine ya kushika mkononi, penseli na masikio yake.

Tazama anavyounga paipu ya milimita 25. Hukata kwa mkasi maalumu, kwa pembe mraba, kisha hufuta ncha kwa kitambaa kikavu, kwa sababu vumbi jekundu la Ruiru huingia kila mahali na chembe moja inatosha kuacha njia ya maji. Hupima milimita 15 au 16 kutoka kwenye ncha na kutia alama ya penseli. Mashine imeshafika nyuzi 260. Husukuma paipu upande mmoja wa kichwa cha moto na elbo upande wa pili, kwa wakati mmoja, moja kwa moja bila kuzungusha. Hahesabu bado. Mwanafunzi huanza kuhesabu plastiki inapogusa chuma; fundi aliyekomaa huanza pale alama ya penseli inapofika mdomoni. Kuanzia hapo ni sekunde saba. Kwa paipu ya 20 ni tano, kwa ya 32 ni nane. Kisha huvichomoa vyote viwili na anabakiwa na sekunde nne za kuvikutanisha.

Kinachotokea ndani ya sekunde hizo nne ndicho kiini cha ufundi wote. Ngozi ya nje ya paipu imekuwa uji mzito unaong'aa, na ya ndani ya elbo vilevile. Zikikutana, minyororo ya upande huu huvuka mpaka ikaingia upande wa pili, na kiungo kinapopoa hakuna tena vipande viwili. Ukikikata kwa msumeno kwa urefu hutaona mstari. Akizungusha mkono, uji hukwanguka na kuacha mfereji. Akisukuma kupita alama, uji husongana kwa ndani na kuziba njia. Shawa ya ghorofa ya tatu itatoa maji kidogo na mpangaji atamlaumu mwenye tangi. Akichelewa, ngozi imeshaganda, na kiungo kitashika kwa macho tu. Kazi nzuri huacha pete mbili ndogo zilizolingana kuzunguka mdomo wa elbo. Baada ya hapo fundi hukaa kimya akikishika kiungo kisisogee, kisha hukiacha kipoe dakika mbili au zaidi. Hakimwagii maji.

Vile vichwa vya moto vimepakwa Teflon ili uji usinate. Nayo ni polima, iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938, na nyuzi 260 ndilo joto la juu kabisa inaloweza kuvumilia kwa kazi ya kuendelea. Plastiki moja inayostahimili joto inafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake ili nyingine iyeyuke vizuri. Ndiyo sababu fundi makini huvisafisha vichwa vyake kwa kitambaa cha pamba vikiwa bado moto, na hukasirika kweli kweli kijana wake akishika kisu kukwangua. Mkwaruzo mmoja, na kuanzia siku hiyo kila paipu itanata palepale.

Kuna na lile ambalo haliko kwenye kiungo. Mita 10 za PPR isiyo na nyuzi za kioo, zikipata moto wa nyuzi 40 zaidi ya zilivyofungwa, hurefuka milimita 60. Paipu iliyobanwa pande zote mbili itapinda kama haikupewa nafasi, kwa hiyo fundi huiacha iende mkono wa kulia kisha irudi, ili mpindo huo ule urefu. Mwenye ploti hudhani paipu zake zinapotezwa. Juu ya paa fundi huifunika, kwa sababu jua la ikweta huila PPR iliyoachwa wazi, ingawa maji ya moto hayaiwezi.

Paipu zote zikishaungwa, mwashi wa plasta huwa ameshachanganya simenti, na kwake paipu ni kitu cha kufunika. Hapo fundi wa mabomba husimama mbele ya ukuta. Hujaza maji, hutoa hewa kwenye bomba la juu kabisa, hufunga pampu ya mkono na kupandisha shinikizo hadi mara moja na nusu ya lile la kazi. Mshale hushuka kidogo mwanzoni, kwa kuwa plastiki hutanuka. Asiyejua huanza kutafuta mvujo ambao haupo. Fundi huongeza, husubiri, huongeza tena, kisha huacha mshale ukae. Hupanda na kushuka ngazi akipitisha kiganja chini ya kila elbo, ghorofa kwa ghorofa, na mwashi hapewi ukuta mpaka kiganja hicho kirudi kikavu.